Usimsalimie Akiwa Nyuma ya Gari

Mtaani kwetu Tangini kuna mzee mmoja ambaye kumsalimia ni kosa. Si siku zote. Jumapili akitoka kanisani msalimie mpaka uchoke, atakuitikia marahaba ndefu kama mtu anayepiga miayo, kisha atakuuliza maendeleo ya shule kwa sura ya mtu ambaye jibu analo tayari. Lakini Jumamosi asubuhi, ukimkuta ameinama nyuma ya gari lake, mkono uko kwenye chuma na midomo inacheza, pita kimya. Pita kama umemwona nyoka amelala na huna hakika kama amelala kweli.

Kwa mtoto wa mama yangu hiyo ilikuwa sikukuu. Mama anaweza kukurudisha kutoka stendi ya Maili Moja, begi likiwa mgongoni, ukamsalimie mtu uliyempita. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna mtu mzima ambaye ni marufuku kumpa shikamoo, nilijua tutaelewana. Hatukuelewana. Ila nimemtazama kupitia uzio wetu wa michongoma tangu niko shule ya msingi, sasa niko kidato cha nne, na sidhani kama kuna mwalimu niliyewahi kumsikiliza muda mrefu hivyo bila kuchapwa.

Anaitwa Dereva. Mtaa umejaa madereva, wa mabasi, wa malori, wa bodaboda, na mmoja wa gari la maji taka ambaye tunamheshimu kwa mbali. Lakini ukisema Dereva peke yake, kila mtu anajua ni yeye. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sijui na sijauliza. Ninachojua ni kwamba alitoka kaskazini, huko kwenye mbuga, alikokuwa anawazungusha watalii, akaja Pwani na mke wake, gari kubwa la V8 la aina ambayo wakubwa hukaa kiti cha nyuma wakiangalia simu, na tela.

Hilo tela ndilo lililotuchanganya. Ni nyumba nzima juu ya magurudumu: kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, choo kidogo, madirisha yenye mapazia ya maua. Siku lilipoingia mtaani watoto walidhani ni gari la chanjo wakakimbia. Mama alidhani linauza aiskrimu. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye hutoa maoni hata asipoulizwa, alisema lile ni la kubebea maiti, na kwamba mapazia yale ni ili marehemu asione njia ya kurudi. Maneno yakashika. Ilipoonekana kwamba kila Jumamosi Dereva analizunguka gari akiongea peke yake na haitikii salamu, basi, uchawi ukathibitika bila kikao.

Kumbe alikuwa anahesabu kwa sauti. Mimi niko upande wa pili wa uzio, naanika nguo au najifanya naanika, na nilianza kuyashika maneno yake kama wimbo wa shule.

"Mdomo umekaa. Kufuli limelia. Pini imeingia. Minyororo imevukana. Waya umeshika. Mguu umepanda."

Mdomo ni wa tela. Unakalia kichwa cha chuma, duara kama ngumi, kilichotokeza nyuma ya gari. Kufuli ni komeo la huo mdomo, likibana linalia "ka!" Pini ni ya kulizuia komeo lisifunguke lenyewe njiani. Minyororo ni miwili, inapishana chini kama mtu aliyefumbata mikono, ili mdomo ukiachia tela lidondokee humo, lisiende kulima lami. Waya unapeleka umeme kwenye taa na breki za tela. Mguu ni ule unaoshikilia tela likiwa limeegeshwa. Ukiusahau chini, utausikia mwenyewe. Akimaliza, mke wake, ambaye mimi namwita Bibi, anasimama nyuma na fimbo yake. Taa ya kushoto ikiwaka, fimbo kushoto. Ya kulia, kulia. Breki, fimbo juu. Kwa mbali unaweza kudhani anaongoza kwaya.

Sheria ilikuwa hivi: akisalimiwa katikati ya maneno hayo, anafungua kila kitu na kuanza upya. Haijalishi alikuwa amefika wapi. Unaona sasa mtu wa tabia yangu anaweza kufanya nini na sheria ya namna hiyo.

Nilimngoja afike kwenye mguu. Nikapitisha uso kwenye michongoma. Shikamoo Babu. Akasimama. Akafungua waya, akafungua minyororo, akachomoa pini, akalegeza kufuli, akateremsha mguu, akainua mdomo. Akaanza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alipofika tena kwenye mguu, nikamsalimia tena. Akafungua tena, chuma kimoja kimoja, bila kugeuka, bila kunitukana, bila hata kuvuta pumzi kwa hasira. Mtu mzima akikufokea unajua mchezo umefika wapi. Yule hakufoka. Mara ya tatu nilikuwa na shikamoo mdomoni na nikaimeza.

Kuhusu mzigo alikuwa mkali kuliko mwalimu wetu wa zamu. Siku moja yule kijana wa bodaboda alimsaidia kupakia magunia ya samadi, akayarundika nyuma kabisa ya tela kwa sababu ndiko mlango uliko. Dereva akamwambia ayatoe yote. Kijana akauliza kwani kuna tatizo gani, mzigo si mzigo. Dereva alichukua gari la boksi la mdogo wangu, lile la kuvuta kwa kamba, akapanga viazi nyuma, akalivuta haraka kukatiza uwanja. Likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kushoto zaidi, likapinduka. Akahamishia viazi mbele kidogo ya magurudumu, akavuta tena. Likamfuata kama kondoo.

"Uzito ukikaa nyuma," akasema, "tela ndilo linaendesha. Wewe umekaa tu mbele umeshika usukani, unajidanganya."

Kijana akasema basi tujaze mbele yote. Dereva akamwambia ukijaza mbele yote gari linakaa kama mbwa, pua juu, magurudumu ya mbele hayashiki barabara vizuri, na taa zako zinamulika ndege. Kidogo mbele, alisema. Kidogo. Mdogo wangu akalia kwa ajili ya viazi vilivyopasuka, akapewa peremende. Dereva alikuwa na peremende mfukoni siku zote, na yeye mwenyewe alikuwa hana meno ya kuzitafuna. Sikuwahi kumwelewa.

Kulikuwa na mengi ya kutoelewa. Mtu huyu alipima upepo wa matairi kila safari, ya gari na ya tela, halafu baiskeli yake ilikuwa haina breki hata moja. Alikataza mtu yeyote kupanda ndani ya tela likitembea, hata mdogo wangu aliyelia aende akilala kitandani kama bosi, lakini yeye likiwa limeegeshwa alilala humo siku nyingi kuliko ndani ya nyumba yake. Alikuwa na shamba la mahindi kule Msimbu, akigawa mtaa mzima, lakini yamechemshwa. Ya kuchoma hagusi. Ukichoma hindi karibu naye anahama upande wa upepo.

Safari zao zilikuwa za huko Msimbu. Shamba halina nyumba, na Bibi ana nyonga mbovu. Hawezi kuchuchumaa chooni kwa watu wala kulala chini. Bila tela haendi. Na Bibi bila shamba ni mtu mwingine. Katikati ya wiki ukimkuta barazani amekaa tu, mikono mapajani, unaweza kumsalimia mara mbili kabla hajasikia. Jumamosi anavaa viatu vya mpira tangu alfajiri na anawagombeza kuku kwa furaha.

Nimepanda gari hilo mara chache, mimi na Bibi tukiwa abiria. Mara moja tulikuwa tunatoka Mlandizi kuchukua miche ya michungwa. Dereva anaendesha taratibu mpaka unaona aibu. Pikipiki zinatupita, baiskeli zinafikiria. Mbele kabisa, mbali, kulikuwa na ng'ombe wanavuka barabara. Akaanza kupunguza mwendo tukiwa bado hatuwaoni pembe. Basi nyuma yetu likapiga honi mpaka likakauka. Nikamwambia, Babu, hao ng'ombe watavuka na kuzeeka kabla hatujafika. Akaniambia tela halijui kama yeye ameshika breki, lazima aliambie mapema.

Ng'ombe wakapita. Lile basi likatuovateki kwa hasira, refu, karibu sana, na upepo wake ukatuvuta. Nilihisi kwanza kiunoni. Gari likavutwa kando kidogo, likarudi, likavutwa upande mwingine, na kwenye kioo cha pembeni nikaliona tela letu likija kunichungulia, likajificha, likaja kunichungulia upande wa Bibi. Kila lilivyorudi lilirudi kwa nguvu zaidi. Mguu wangu, mimi abiria, ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo. Bibi alishika mkono wangu. Dereva alitoa mguu kwenye mafuta na kuuweka pembeni kabisa, kama mtu aliyevua kiatu. Usukani aliushika umenyooka. Hakupigana na tela. Alikuwa anasema kwa sauti ya kubembelezea mtoto, "Acha licheze. Acha licheze. Litachoka."

Lilichoka. Alipopata nafasi aliegesha, akashuka, akaenda nyuma ya mti wa mwarobaini, tukamsikia anatapika. Aliporudi alinawa uso na kuniambia, bila mimi kuuliza, "Hapo ukikanyaga breki, wewe ndiye unakuwa tela."

Nilimwiga darasani wiki nzima, pamoja na sauti ya kutapika. Nilipigiwa makofi. Lakini usiku nilikuwa naliona lile tela kwenye kioo, linachungulia.

Hadithi yake moja tu ndiyo aliyonisimulia kwa hiari, na aliisimulia kama mtu anayesoma tangazo. Alisema, uko mteremkoni, huko kaskazini, uko kwenye gia nzito, injini inakushikilia, mambo shwari. Unaangalia kioo cha kulia, unaona tela linakuovateki. Unajiuliza, huyu mwehu nani anaovateki kwenye kona? Unasogea kumpisha. Linakupita. Halina gari mbele. Ndipo unayatambua mapazia.

Nilicheka kwa sauti. Jamani, mtu kumpisha tela lake mwenyewe! Hakucheka. Nikamwuliza likaenda wapi. Akasema, "Tela lililoachia halipigi honi," akainuka akaenda kuangalia matairi.

Bibi ndiye aliyenimalizia, tukiwa tunachambua mchicha. Asubuhi hiyo, alisema, wakati mume wake anafunga tela, alitokea rafiki yake wa siku nyingi. Wakasalimiana. Unajua salamu za watu waliopotezana: nyumbani hawajambo, watoto je, mama yule aliyekuwa anaumwa, mifugo, mvua. Mpaka unamaliza, mkono umeshatoka kwenye chuma na akili imeshaondoka na mgeni. Akapanda gari akijua amefunga kila kitu. Chini ya ule mteremko kulikuwa na mama mmoja anachoma mahindi kando ya barabara. Bibi akaishia hapo. Akaendelea kuchambua mchicha, na mimi nikaendelea, na sikupata utani wa kuweka.

Sasa, kuanzia mwaka jana Dereva alianza kubadilika. Si kwa vishindo. Aliniita kwa jina la binti yake anayeishi Arusha. Aliacha bomba wazi, maji yakafika kwetu. Jioni moja alisimama pale uani kwake, akaliangalia tela, akaniuliza kupitia uzio, tela hili la nani limeegeshwa hapa? Nikajua ananitania, nikacheka; na yeye akacheka. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Mwanawe mkubwa, ambaye namwita Anko, anafanya kazi ofisini Dar es Salaam na huja na mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanatisha. Alisikia habari za bomba. Akaja akakaa na baba yake barazani, na kwa kuwa Anko hajui kunong'ona, mtaa mzima tulihudhuria.

"Mzee, mimi sikunyang'anyi kitu kwa maneno ya watu," alisema. "Lakini siku nikikuona kwa macho yangu umekosea kitu kimoja tu kwenye hilo tela, funguo nachukua. Na tela linaondoka hapa."

Dereva akasema sawa. Bibi, aliyekuwa mlangoni, akageuka akaingia ndani.

Anko akawa anakuja Jumamosi kusimamia. Anasimama pembeni, mikono amekunja kifuani, kama msimamizi wa mtihani. Wiki za mwanzo Dereva alifanya kila kitu bila kosa. Nilikuwa nafuatisha maneno yake kimoyomoyo huku nakamua nguo.

Jumamosi ninayotaka kuisema, mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Kisarawe, meusi ya chini, yale yanayofanya kuku waingie bandani mchana. Walitaka kuwahi kabla njia ya Msimbu haijawa tope. Dereva akaanza. Mdomo umekaa. Kufuli limelia. Na hapo ndipo akaingia mjumbe wetu wa mtaa.

Mjumbe ni mzee kuliko Dereva. Kwake hata Mama hana sababu ya kulalamika, anasalimiwa na kila mtu. Na alikuwa amekuja na taarifa ya msiba, jirani wa barabara ya pili. Mtu aliyebeba msiba huwezi kumwambia ngoja nimalize kufunga. Dereva akaacha chuma, akajifuta mikono, akasema shikamoo, akampokea kwa mikono miwili. Wakapeana pole. Wakaulizana aliumwa lini, maziko wapi, watoto wamefika? Anko naye akasogea, akatoa pole zake. Mjumbe akaondoka kwa mwendo wa watu wa misiba.

Dereva akarudi nyuma ya gari. Nikangoja afungue aanze upya. Akainama.

"Waya umeshika. Mguu umepanda."

Nitakuwa mkweli, kitu cha kwanza kilichonijia ni kicheko. Ameruka beti mbili! Kama mtoto wa darasa la kwanza kwenye wimbo wa taifa. Halafu nikazihesabu. Pini haijaingia. Minyororo inaning'inia. Bibi ameshasimama na fimbo yake, kushoto, kulia, juu, taa zote zinawaka vizuri. Anko anaangalia taa, anatikisa kichwa kuridhika. Kwa mtu wa ofisini taa zikiwaka kila kitu kimewaka.

Nikipiga kelele pini, Anko anachukua funguo hapo hapo, na ameshaona kwa macho yake kama alivyosema. Bibi anarudi barazani na mikono mapajani mpaka siku yake. Nikinyamaza, tela linaondoka likiwa limeshikiliwa na komeo tupu, na huko mbele baada ya Kiluvya kuna mteremko wa Kisarawe, na chini ya mteremko kuna kijiwe cha bodaboda na akina mama wanaouza machungwa na mihogo ya kuchoma, na watoto wao wako miguuni mwao. Mimi ni mtu wa kuchekesha darasa. Sikuwahi kuombwa niamue kitu.

Bibi akapanda. Injini ikawaka. Nikazunguka uzio nikikimbia, shuka mbichi liko begani, nikasimama getini mbele ya gari.

"Shikamoo, Babu."

Anko akasema, "Wewe mtoto, toka hapo. Leo si siku ya ujinga wako."

Sikutoka. Dereva alinitazama kupitia kioo. Mama alikuwa ameshatokea mlangoni na kiatu mkononi.

"Marahaba," akasema Dereva, akazima injini.

Anko akamwambia mzee, nendeni, mvua hiyo, huyu mtoto tunamjua. Dereva akafungua mlango.

"Nimesalimiwa," akasema.

Akaenda nyuma. Nikasikia anafungua. Waya, mguu, kufuli. Nikasikia anaanza. Mdomo umekaa. Kufuli limelia. Kisha kimya. Nilijua yuko wapi. Mkono wake umeenda mahali pini inapokaa na haukuikuta, na ameikuta kwenye mfuko wa shati, pamoja na peremende.

"Pini imeingia," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini sana. "Minyororo imevukana."

Anko akacheka, akasema mzee na masharti yake, hawezi kubadilika huyu. Bibi hakucheka. Alikuwa ananiangalia kupitia dirisha la gari, amebana mkoba mapajani. Wakaondoka. Mama alinichapa na kiatu kwa kumdhihaki mtu mzima aliyetoka kupokea taarifa ya msiba, na kwa shuka, ambalo lilikuwa limeburuzwa kwenye vumbi. Nilipokea vyote. Jumapili jioni walirudi, wakatuletea mahindi ya kuchemsha.

Ila tangu siku hiyo sheria iligeuka. Jumamosi Dereva akimaliza maneno yake haingii garini. Anasimama, anaangalia uzio. Kama nimechelewa kutoka, anaita.

"Wewe. Hujanisalimia."

Namsalimia, anaitikia, anafungua vyote, anaanza upya. Mara ya pili ndiyo wanaondoka. Mwanzoni nilijiona mtu muhimu sana, nikatembea mtaani kama mkaguzi. Kisha nikaanza kuamka Ijumaa usiku nikijiuliza, nikiugua malaria je? Nikiwa nimekaa chooni je? Nilifikiri kumwambia Anko. Nikimwona Bibi na viatu vyake vya mpira, naacha.

Halafu ikaja kambi. Kidato cha nne tunalala shuleni mpaka mtihani wa taifa uishe. Hakuna kurudi nyumbani, hakuna simu, isipokuwa ya matroni kwa sababu maalumu. Jumamosi ya mwisho kabla sijaondoka nilimwambia Dereva kwamba kuanzia wiki ijayo sitakuwepo. Aliitikia kwa kichwa. Akafunga tela. Nikamsalimia. Akafungua, akafunga. Akaniangalia tena. Nikamsalimia tena. Akafungua. Bibi yuko garini, jua linapanda, kuku wamenyamaza. Alipomaliza mara ile nyingine alibaki amesimama, mkono uko juu ya komeo, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Akachomoa pini. Akaja mpaka kwenye michongoma, akanipa.

"Kaa nayo," akasema. "Ukirudi tutaenda shamba."

Bibi alishuka bila kuuliza. Akafungua mlango wa tela kwa fimbo, akapanda ndani, akafunga pazia.

Pini iko kwenye mkebe wangu, kati ya bikari na kifutio. Wenzangu wanauliza ni ya nini, nawaambia ni ya kuzuia mwalimu wa fizikia asifunguke. Wanacheka. Nami nacheka.

Jumamosi iliyopita, mchana haujafika, niliitwa kwa matroni. Mama amepiga, anataka kujua kama sare zinatosha. Tukaongea. Nikamwuliza mtaa unaendeleaje, akasema mvua imekataa kunyesha, imetanda tu upande wa Kisarawe huko tangu asubuhi. Na mdogo wako siku hizi ana adabu, akasema, ameamka mwenyewe, ameoga, ameenda kwenye uzio kumsalimia Dereva. Dereva mwenyewe alimwomba. Wameondoka sasa hivi. Amenunua pini mpya kule Maili Moja, inang'aa, alimwonyesha mtoto.

Nikamwuliza Mama, mdogo wangu alisalimia wakati gani. Kabla hajaanza kufunga, katikati, au mwisho?

"Kwani salamu ina wakati?" akasema Mama. "Alimkuta ndiyo kwanza anarudisha gari kwenye tela, akamsalimia, akaitikiwa. Akarudi kunywa chai."

Matroni alikuwa amenyoosha mkono anataka simu yake. Niligeuka nikampa mgongo, kitu ambacho shuleni kwetu ni kosa la kufagia bweni wiki nzima.

"Mama, mpigie Bibi. Sasa hivi, kabla hawajafika mteremkoni. Usimwambie kitu kingine. Mwambie mimi namsalimia Babu."

Mama alianza kuuliza, kisha nadhani alisikia sauti yangu, akakata.

Matroni hakuichukua simu. Tulikaa, yeye kwenye kitanda chake, mimi sakafuni, simu iko juu ya stuli katikati yetu. Nje wenzangu walikuwa wanapiga kelele za chakula. Nilisema maneno yote ya Dereva kimoyomoyo, mwanzo mpaka mwisho, nikarudia, na kila nilipofika kwenye pini nilikwama.

Ujumbe ulipoingia matroni aliusoma kwanza, akakunja uso, akanipa nisome mwenyewe.

Bibi anasema wamesimama. Babu anasema marahaba. Anauliza Jumamosi ijayo utapiga saa ngapi.